Oksidi za bromini: mbona hakuna hata moja inayovumilia joto la chumbani?

#1 Mwalimu wa Tukuyu

Wakuu, heri za jioni. Huku Tukuyu mvua haijakatika tangu asubuhi na umeme ndio kwanza umerudi, kwa hiyo nimeona niufungue uzi huu niliouweka kiporo tangu muhula uliopita.

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita. Tulikuwa kwenye halojeni, familia ya klorini, bromini na iodini. Nikaandika ubaoni oksidi za klorini, yaani misombo yake na oksijeni, nikavuka moja kwa moja hadi za iodini, kama tulivyofundishwa sisi na kama tunavyoendelea kufundisha. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, bromini ipo katikati yao. Za kwake ziko wapi?" Nikamwambia zipo, ila hazidumu. Hakukaa. "Za klorini juu yake zinakaa, za iodini chini yake zinakaa, ya katikati ndiyo haikai? Kwa nini?" Kengele ikalia.

Nilimwahidi jibu, na jibu hilo lilinichukua jioni tatu. Nalileta hapa kwa sababu swali lake linagusa mambo makubwa kuliko ukurasa tunaouruka.

Kwanza picha ya familia. Klorini ina dioksidi, ClO₂, gesi ya rangi ya njano inayoelekea kijani, inachemka kwenye nyuzi 11. Ukiikusanya kwa wingi inalipuka, lakini mitambo ya maji huitengeneza palepale na kuitumia kuua vijidudu. Ina pia Cl₂O₇, kimiminika kinachochemka nyuzi 82, hatari kweli, lakini unaweza kukiona kikiwa ndani ya chupa. Iodini ina I₂O₅, unga mweupe mtulivu ambao hauanzi kuvunjika hadi ukaribie nyuzi 300. Unga huo ukikutana na kaboni monoksidi, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani, hutoa iodini, na zamani gesi hiyo ilipimwa kwa njia hiyo.

Sasa bromini. Br₂O ni kitu kigumu cha kahawia iliyokoza, na kukaa kwake ni chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Br₂O₃ ni fuwele kama sindano, rangi ya chungwa, nayo ukivuka nyuzi 40 hizohizo inaanza kuvunjika. BrO₂ ni ya njano hafifu, na tabia yake ni hiyohiyo. Br₂O₅ haina rangi na ndiyo imara kuliko wenzake kwenye orodha hii, lakini karibu na nyuzi 20 chini ya sifuri nayo inaachia.

Wenzangu wa Njombe na Makete mnaijua sakitu ya mwezi wa saba, viazi vinaamka vimekuwa vyeusi, ndoo ya maji nje ina utando wa barafu. Kwa Br₂O, asubuhi hiyo ya Makete ni tanuru.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

#2 Mhimilishaji

Ugonile, mwalimu.

Mimi si mtu wa kemia, mimi nahimilisha ng'ombe wa maziwa huku milimani. Nyuma ya pikipiki yangu kuna mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani yake mirija ya mbegu. Nikisoma habari zako nikaona kama unaelezea kazi yangu. Mrija ukiuinua juu ya shingo ya mtungi ukachelewa sekunde chache, kwa macho huoni chochote kimebadilika, mrija ni uleule, lakini mbegu imeshaanza kuumia. Ndiyo maana tunashika kwa kibano, tunachagua tukiwa tumeinamia mtungi, tunazamisha haraka kwenye maji ya uvuguvugu.

Kwa hiyo oksidi hizo, kwenye mtungi wangu zingekaa?

#3 Mwalimu wa Tukuyu

Ugonile, kaka. Zingekaa. Umeelewa jambo hili kuliko wanafunzi wangu wengi, kwa sababu umezoea kufikiria kitu ambacho uhai wake wote upo kwenye baridi.

Walioziumba walifanya kazi hivyohivyo. BrO₂ ilipatikana mwaka 1937 kwa Wajerumani wawili, Schwarz na Schmeißer, waliopitisha umeme kwenye mchanganyiko wa bromini na oksijeni huku chombo kimepozwa sana. Lakini kwa miaka mingi watu walikuwa na rangi na uwiano wa atomu tu. Sura ya molekuli hawakuijua, maana kupiga picha ya fuwele kwa eksirei kunataka fuwele ikae, na hizi zilikuwa hazikai. Ni katika miaka ya 1990 ndipo Konrad Seppelt na wenzake kule Berlin walipopitisha ozoni kwenye bromini iliyoyeyushwa ndani ya kimiminika baridi sana, wakakuza fuwele, wakazipima zikiwa bado kwenye baridi ileile.

Kilichoonekana kwenye Br₂O₃ kilinifanya niweke kalamu chini. Ukiiona fomula unadhani bromini mbili ni mapacha, kila moja na namba ya oksidisho (hesabu ya elektroni ambazo atomu imeziachia oksijeni) ya +3. Sivyo. Moja ni +1 na nyingine ni +5. Bromini moja inaning'inia kwenye oksijeni, na oksijeni hiyo imeshikwa na bromini ya pili yenye oksijeni mbili zaidi. Ni kama bromati, yaani bromini iliyoshika oksijeni tatu, iliyobeba bromini nyingine mgongoni.

Barafu kavu inayoshusha joto hadi nyuzi 78 chini ya sifuri si kitu kingine ila kaboni dioksidi iliyoganda. Na kaboni dioksidi inatoka yenyewe ardhini hapa kwetu Rungwe, imechimbwa na kuuzwa miaka mingi. Huwa nawaambia wanafunzi: baridi ya kutunzia vitu hivi malighafi yake iko chini ya migomba yenu.

#4 Kijana wa Chunya

Mkuu, nimesoma mahali kwamba Br₂O hutengenezwa kwa bromini na oksidi ya zebaki. Zebaki huku machimboni si kitu cha kutafuta. Nikipata bromini kidogo, siwezi kujaribu?

#5 Mwalimu wa Tukuyu

Usijaribu, mdogo wangu. Uliyoyasoma ni ya kweli, ndiyo njia ya zamani: mvuke wa bromini unapita juu ya oksidi ya zebaki, zebaki inachukua bromini nusu, nusu nyingine inaondoka na oksijeni. Lakini maabara iliyofanya hivyo ilikuwa na kabati la kuvuta hewa, baridi ya kutosha na watu waliosomea hatari zake.

Nikueleze bromini ilivyo. Nimewahi kufungua kichupa chake kimoja tu, miaka iliyopita, shule nyingine. Ni kimiminika chekundu-kahawia, kizito mara tatu ya maji, hata kichupa kidogo unakisikia mkononi kimekulemea. Unapolegeza kizibo, mvuke wa kahawia haupandi kama moshi, unamwagika pembeni na kushuka mezani. Kizibo cha mpira kilichokuwa kimetumika kabla kilikuwa kimeliwa, kimekuwa kigumu na kupasuka-pasuka. Kwenye usawa wa bahari inachemka nyuzi karibu 59. Huku juu tulipo, mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi na inachemka kwenye nyuzi 53 tu. Tone likigusa ngozi linachoma na kidonda chake huchukua muda mrefu kupona. Nilikuwa na beseni la thiosulfeti, dawa ya kuua ukali wa bromini, pembeni na bado mikono ilitetemeka.

Na hiyo zebaki yenyewe, kaka, mvuke wake unaouvuta kila mnapochoma dhahabu unakuumiza pasipo bromini yoyote. Choma mbali na makazi, na kama mna kifaa cha kunasa mvuke kitumieni.

#6 Fundi Maabara Iringa

Kamwene, mwalimu. Nafuatilia tangu mwanzo, nina jambo linanisumbua.

Kwenye kabati langu kuna chupa ya potasiamu bromati. Fuwele nyeupe, imekaa miaka, nilipoifungua juzi ilikuwa kavu na safi kama siku ilipofika. Hiyo ni KBrO₃. Ndani yake bromini moja imeshikana na oksijeni tatu, namba +5, sawasawa na hiyo Br₂O₅ yako isiyofika hata nyuzi sifuri. Bondi ni zilezile za bromini na oksijeni. Moja inakaa kabatini miaka, nyingine haifiki asubuhi ya Makete. Nielekeze.

#7 Mwalimu wa Tukuyu

Kamwene, fundi. Hili ndilo swali lililonipa jioni ya pili, na nashukuru umelileta wewe mwenye chupa mkononi.

Tazama daraja. Br₂O₅ ni makundi mawili ya BrO₂ yaliyounganishwa na oksijeni moja katikati. Bondi za pembeni ni fupi, takriban pikomita 161. Za kwenda kwenye oksijeni ya darajani ni ndefu, takriban 188. Bondi ndefu ni bondi dhaifu. Br₂O nayo ni daraja tupu, Br₂O₃ ina daraja, na hapo ndipo zinapokatikia. Kwenye ayoni ya bromati hakuna daraja: oksijeni zote tatu ziko sawa, elektroni ya ziada imegawanywa kwao wote, na pembeni kuna potasiamu zenye chaji ya kuvutana zilizoshikilia fuwele nzima. Uimara wa chupa yako unatokana na hiyo chaji na hizo potasiamu. Ukiipasha moto kupita nyuzi 350 hivi nayo inaachia oksijeni na kubaki bromidi.

Lakini binti yangu wa mstari wa mbele angesema: iodini nayo ina daraja kwenye I₂O₅, mbona haikatiki? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo darasani tunayachanganya tukisema tu "imara".

Fikiria jiwe kwenye mteremko wa Uporoto. Jiwe linaweza kutulia kwa sababu liko bondeni kabisa, halina pa kushukia. Au linaweza kutulia juu mlimani kwa sababu limekaa kwenye kishimo, lina pa kushukia lakini kingo zinalizuia. Ukilitikisa, linakuja na nyumba.

I₂O₅ ni jiwe la bondeni. Kuiumba kutoka iodini na oksijeni kunatoa kilojuli 158 kwa moli, na molekuli zake zinashikana na majirani, iodini ya huyu na oksijeni ya yule, kuwa kama mtandao mmoja. ClO₂ ni jiwe la mlimani: kuiumba kunadai kilojuli kama 102 kwa moli, kwa hiyo wakati wote inatamani kuvunjika, lakini kishimo chake ni kirefu kiasi cha kuiweka. Ndiyo sababu inakaa na ndiyo sababu inalipuka.

Bromini haina bonde na haina kishimo. Oksidi zake ziko juu mlimani kama za klorini, na bondi yake na oksijeni ni dhaifu kuliko ya klorini. Chukua vipande viwili sahili kabisa: kuitenganisha ClO kunataka takriban kilojuli 269 kwa moli, kuitenganisha BrO takriban 235. Kishimo ni kifupi, joto la chumbani linatosha kulirusha jiwe nje. Na si kubwa wala laini kama iodini kiasi cha kujenga ule mtandao wa kuipeleka bondeni. Imekosa kwa jirani wa juu na imekosa kwa jirani wa chini.

#8 Dada wa Uyole

Mwalimu, hiyo ya jiwe nimeielewa, lakini inaeleza kwamba ni dhaifu, haielezi kwa nini katikati ndipo palipo pabaya. Kwenye jedwali tumezoea mambo kushuka kwa mpangilio, juu kwenda chini.

#9 Mwalimu wa Tukuyu

Dada, mpangilio huo ni wa kuanzia tu, na mstari wa nne ndio unaouvunja. Si bromini peke yake. Majirani zake wa kushoto, seleni na aseniki, wana ugonjwa uleule: hawapendi kupanda hadi namba yao ya juu kabisa ya oksidisho. Fosforasi inashika klorini tano bila shida, antimoni iliyo chini inashika tano, aseniki ya katikati watu walikaa wakiamini haiwezi. Iliyokuja kutengeneza AsCl₅, mwaka 1976, kwa mwanga wa urujuanimno na baridi ya nyuzi 105 chini ya sifuri, ni mikono ya huyuhuyu Seppelt aliyekuja baadaye kupima oksidi za bromini. Naona mtu aliyependa kuvitafuta vitu vya mstari wa nne vinavyokataa kuwepo, na namheshimu kwa hilo.

Sababu ni elektroni kumi za 3d. Kabla ya kufika aseniki, seleni na bromini, jedwali linapita kwenye skandi hadi zinki, ganda la 3d linajazwa. Elektroni hizo ni kizuizi kibovu. Haziufichi vizuri mvuto wa kiini, kwa hiyo elektroni za nje, hasa zile mbili za 4s, zinavutwa ndani kuliko ungetegemea. Kupanda hadi +7 ni kuziingiza hizo mbili nazo kwenye bondi, na bromini inazing'ang'ania.

Kipimo chake kipo. Nguvu ya perklorati, yaani klorini yenye oksijeni nne, kushuka kwenda klorati yenye tatu ni volti 1.2. Ya periodati kwenda iodati ni 1.6. Ya perbromati kwenda bromati inakaribia 1.8, juu ya wote wawili.

Na hapo kuna kisa ambacho kila mwalimu wa kemia angekisimulia. Perbromati ilitafutwa miaka na miaka bila kupatikana, hadi zikaandikwa hoja za kinadharia kueleza kwa nini haiwezi kuwepo. Mwaka 1968 Evan Appelman, kwenye maabara ya Argonne huko Marekani, hakuilazimisha bromini ishike oksijeni nne. Alichukua seleni yenye mionzi, seleni-83, ambayo tayari ilikuwa imeshika oksijeni nne kwenye selenati. Nusu ya seleni hiyo hugeuka ndani ya dakika 22 hivi: kiini kinarusha elektroni na seleni inakuwa bromini, ikiwa bado imekaa katikati ya oksijeni zilezile nne. Bromini ikajikuta ndani ya nyumba ambayo mtu mwingine alikuwa ameijenga. Ilikuwa chembe kidogo mno isiyoonekana, aliitambua kwa mionzi ya bromini-83 ilipofuatana na perklorati kwenye mashapo. Baada ya kujua kwamba ipo, akaitengeneza kwa floridi ya zenoni, na baadaye kwa florini yenyewe.

Na sasa fundi wa Iringa asikie: potasiamu perbromati ikishaundwa, inavumilia joto hadi nyuzi 275 hivi. Kuifikia ndiko kulikokuwa kugumu.

#10 Fundi Maabara Iringa

Nimesoma hiyo ya seleni mara tatu. Asante.

Niongeze la vitendo kwa wanaosoma. Bromati hiyohiyo imara ndiyo tunayoihofia kwenye maji. Maji yenye bromidi kidogo yakitibiwa kwa ozoni, ozoni inaipandisha bromidi hatua kwa hatua hadi bromati, nayo ikishafika hapo hairudi kirahisi, hata ukichemsha. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita, kwa sababu imeonekana kusababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Mwaka 2004 Uingereza chupa karibu nusu milioni za maji ziliondolewa madukani kwa sababu hiyo. Bromati pia ilikuwa ikitiwa kwenye unga wa mkate ili uumuke vizuri, Waingereza wakaacha mwaka 1990. Wenye viwanda vidogo vya maji ya chupa huku kwetu mnaotumia ozoni, pimeni bromidi ya chanzo chenu kabla ya kuongeza dozi.

#11 Mzee wa Kyela

Wanangu, hamjambo. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, lakini neno bromini nalijua kwa pua na macho.

Miaka ya tisini nilivuka Kasumulu kwenda kufanya kazi kwenye tumbaku upande wa Malawi. Kabla ya kusia mbegu, matuta ya kitalu tuliyafunika kwa plastiki, kingo tukazifukia kwa udongo, halafu kopo la gesi linatobolewa ndani kwa ndani. Methili bromaidi. Baada ya siku mbili unafunua na hakuna gugu, hakuna minyoo, hakuna kitu kinachopumua kwenye tuta. Msimamizi alitukataza kusogea, akasema gesi yenyewe haina harufu, kinachotutoa machozi ni dawa nyingine iliyochanganywa makusudi ili tujue inavuja. Baadaye tukaambiwa imekatazwa duniani kwa sababu inatoboa anga. Hilo sikulielewa, na hakuna aliyenieleza. Gesi ya kwenye tuta inafikaje huko juu?

#12 Mwalimu wa Tukuyu

Shikamoo, mzee. Msimamizi wako alisema kweli, ile ya machozi inaitwa kloropikrini. Na swali lako ndilo linalofanya oksidi hizi zistahili kufundishwa, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa kirefu.

Sehemu ya gesi ile haikubaki ardhini. Ilipenya plastiki, ikatoka siku ya kufunua, ikapanda na hewa. Methili bromaidi huishi hewani kwa miezi kadhaa, karibu robo tatu ya mwaka, na muda huo unatosha baadhi yake kufika kwenye stratosfia, kilomita 15 na zaidi juu ya vichwa vyetu, kwenye tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali. Huko mionzi inaikata, atomu ya bromini inabaki peke yake.

Atomu hiyo inakutana na ozoni, O₃, inanyang'anya oksijeni moja. Sasa ni BrO. Hii ni oksidi ya bromini, mzee, ndogo kuliko zote tulizotaja, na haihitaji kukaa kwenye chupa. Mchana jua linaivunja ndani ya dakika moja, au inakutana na ClO wanaachiana oksijeni, na bromini inatoka huru kama ilivyoingia. Inakwenda kwenye ozoni nyingine. Kila mzunguko ozoni inapungua, bromini haipungui. Ndiyo maana ya kichocheo.

Udhaifu wa bondi niliokuwa nauelezea tangu mwanzo ndio unaoifanya iwe hatari huko. Kama BrO ingekuwa imara, bromini ingenasa humo na kazi ingeisha. Klorini hufanya uharibifu uleule lakini mara nyingi hupumzishwa: ikikutana na methani inachukua hidrojeni, inakuwa HCl na kulala humo muda mrefu. Bromini haiwezi kuichukua hidrojeni ya methani, bondi ya hidrojeni na bromini haina nguvu ya kulipia kazi hiyo. Ikishikana na kundi la nitrati nako jua linaikata upesi. Haina pa kulala. Kwa hiyo huko juu bromini ni kama chembe 20 tu katika trilioni, wakati klorini ni karibu 3,000, na bado atomu kwa atomu bromini inaharibu ozoni karibu mara 60 zaidi.

Mkataba wa Montreal ulisainiwa mwaka 1987, methili bromaidi ikaongezwa mwaka 1992 kwenye mkutano wa Copenhagen. Nchi tajiri zilipewa hadi 2005, nchi zetu hadi 2015, isipokuwa ufukizaji wa karantini kwa mizigo inayovuka mipaka. Ile kazi mliyofanya, hakuna aliyewaambia, na mlistahili kuambiwa.

Methili bromaidi hutoka pia baharini, kwenye mimea, na kwenye moto wa nyika. Tunapochoma mapori kuanzia mwezi wa nane moshi ukafunika bonde la Usangu, kiasi kidogo kinapanda na moshi huo.

#13 Mzee wa Kyela

Marahaba, mwanangu. Nimeelewa. Haina pa kulala. Nitamwambia mwenzangu tuliyekuwa naye huko.

#14 Kiongozi wa Ngozi

Mwalimu, na volkano? Napeleka wageni kwenye ziwa la kreta la Ngozi, wananiuliza gesi gani hutoka kwenye milima hii.

#15 Mwalimu wa Tukuyu

Swali zuri. Kwenye mawingu ya volkano BrO imepimwa kwelikweli, mara ya kwanza kule Montserrat, kisiwa cha Karibi, mwaka 2002. Mlima hutoa bromini ikiwa HBr, na dakika chache baada ya wingu kuchanganyika na hewa ya kawaida sehemu yake inakuwa BrO na ozoni ndani ya wingu inashuka. Lakini hilo linataka mlima unaofoka. Hapa kwetu mlima Kyejo ulimwaga lava mara ya mwisho yapata mwaka 1800, na kinachotoka ardhini sasa ni kaboni dioksidi zaidi. Wageni waambie hivyo, na wasiiname kwenye mashimo yenye gesi, ni nzito, inatuama.

#16 Mstari wa Mbele

Shikamoo, mwalimu. Ni mimi niliyeuliza swali. Nimetumia simu ya dada.

Naleta matokeo ya ile kazi uliyotupa, maana ulisema niyaandike hapa. Kwa wengine: mwalimu alitupa maji ya bromini yaliyochanganywa sana, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, tukagawa kwenye chupa tatu za vizibo vya kioo. Moja dirishani. Moja dirishani lakini imefungwa karatasi ya alumini. Moja kabatini. Tulipaka vizibo grisi ili isiwe bromini imetoroka tu.

Siku ya kwanza na ya pili kulikuwa na mawingu, hatukuona tofauti. Siku ya tatu jua likatoka, ya dirishani ikaanza kupauka. Siku ya sita ilikuwa kama maji ya kisima. Ya alumini, iliyokaa dirisha lilelile, ina rangi yake. Ya kabatini ina rangi yake.

Nilivyoelewa, bromini kwenye maji inatoa HBr na HOBr, na HOBr ndiyo Br₂O iliyomezwa na maji. Jua linaivunja HOBr, oksijeni inaondoka, HBr inabaki, na bromini nyingine inaingia kwenye maji kujaza nafasi hadi yote iishe.

Tukachukua litmasi ya bluu. Kwenye chupa ya kabatini ilikuwa nyekundu, halafu ndani ya muda mfupi ikapauka ikawa nyeupe. Kwenye chupa ya dirishani ikawa nyekundu na hadi kipindi kinaisha ilikuwa bado nyekundu. Nimeibandika kwenye daftari.

#17 Mwalimu wa Tukuyu

Marahaba, mwanangu. Umeielewa sawasawa. HOBr ndiyo iliyokuwa inaipausha litmasi ya kabatini, na dirishani haipo tena. Lete daftari Jumatatu, na uje na chupa ya alumini ikiwa bado imefungwa. Tutaifungua pale dirishani darasa zima likiwepo, tuhesabu siku kuanzia hapo.